Mto wa Tatu

Limefika, Akeyo. Jumanne, saa kumi,
kwa mkokoteni kutoka Kibuye,
limelazwa chali, miguu juu,
kama ng'ombe aliyeshindwa na mto.
Otuoma mwenyewe alikuwa nyuma akisukuma,
akiwafokea watu wa boda boda wampishe.
Mlango ulilikataa. Tukang'oa bawaba.

Ni la kijani, ndiyo.
Si kijani ulichosema.
Wewe ulisema kijani cha chupa;
Otuoma alisikia kijani, akatosheka.
Mama Khavele alikuja na mwiko mkononi,
akalizunguka mara mbili, akatoa hukumu:
"Hii ni rangi ya mrenda uliolala."
Amondi akasema hapana, ni gugu-maji,
lile linaloziba ufuo kule Dunga
hata ukadhani unaweza kulikanyaga.

Nikalipiga picha dirishani. Ukajibu,
"Mbona la buluu?"
Nikapiga nyingine chini ya balbu.
"Sasa limekuwa jeusi."
Usiku ule, wewe Doha, mimi hapa Migosi,
saa zetu zikisoma sawa, macho yetu hapana,
tuligombana kwa ujumbe wa sauti
juu ya rangi ambayo wewe hukuiona
na mimi, kusema kweli,
sikuwa nimeitazama.

Basi nikakata kipande, kule chini kitambaa kilikokunjwa,
upana wa stempu mbili,
nikakitia mfuko wa shati.
Wiki nzima nimetembea nacho
kama cheti cha daktari.
Muuza mapazia akakilaza juu ya dhahabu:
nikamwambia asante, mimi sijengi hoteli.
Akaleta ya maua mekundu,
nikaiona sebule yetu ikishikana mashati yenyewe.
Mwisho akakunjua moja la kimya,
rangi ya chai iliyozidiwa maziwa,
na kipande changu kikatulia juu yake.
Nikakutumia bei kabla ya rangi.
Ukajibu, "Nunua."
Neno hilo moja nimelisikiliza mara nne.
Nyuma yako mtoto wa watu alikuwa analia.

Vitambaa vya mama yako nimevitoa sandukuni,
vile alivyofuma miezi yote ya posa.
Vimegeuka manjano kidogo kwenye mikunjo.
Juu ya kijani vinaonekana kama mayai ya kukaanga.
Usimwambie.

Kalenda ya ushirika nimeihamishia jikoni.
Pale ilipokuwa, ukuta umebaki
na rangi ile uliyoichagua tulipohamia,
mraba mmoja, mbichi kabisa.
Sikujua kwingine kote imefifia.
Hufifia polepole, na sisi tumo ndani.
Sijatundika kitu hapo. Nikikaa, ndipo ninapotazama.

Zulia lingoje mshahara wa Mei,
wako au wangu, utakaotangulia.

Kuna na hili la nailoni.
Otuoma alilileta kochi limevikwa, akanionya:
"Usiivue mapema, vumbi la mji huu halina adabu."
Lakini joto nalo unalijua.
Amondi akiinuka, mapaja yake yanabanduka
kwa mlio kama wa bahasha ya mkopo.
Jana nikachukua wembe.
Nikaanza upande wa mlango, ninapokaa mimi,
nikaja katikati, kwa Amondi,
nikafika mto wa tatu, karibu na dirisha,
nikakumbuka nimeacha maharagwe motoni.

Yaliungua, kwa taarifa yako.
Mto huo bado umevikwa.
Leo Mama Khavele alikuja akaukalia,
ukalia chini yake, na Amondi,
bila kuinua kichwa kutoka kwa hesabu zake,
akamwambia, "Hapo pana mwenyewe."
Akahama, yule mama. Hata hakubisha.

Sasa niambie: mapazia yaburure sakafuni
au yaishie chini ya dirisha?
Fundi anataka vipimo kesho asubuhi,
na mimi nimepima mara tatu,
kila mara nikipata jibu lake.